Kalamu ya Kijiji na Mkopo wa Mwanafunzi



Maneno yangu ya leo ni juu ya mkopo wa masomo ya chuo, na hasa juu ya namna maombi ya mkopo huo yanavyosomwa, yanavyopimwa na yanavyohakikiwa kabla ya shilingi moja kutolewa. Najua wako wanaosema, "Hayo ni mambo ya makarani wa mjini, sisi wakulima wa Chamwino yatuhusu nini?" Naomba wanivumilie kidogo. Nataka kuwaonyesha kwamba kazi ya kuhakiki huanza kijijini, katika ofisi ya Mtendaji na mbele ya Mwenyekiti, na kwamba kijiji kikishuhudia uongo, karani wa mjini hana macho ya kuuona upesi.

Kwanza tuone mkopo wenyewe umetoka wapi. Miaka mingi baada ya Uhuru Serikali ilibeba sehemu kubwa ya gharama za wale wachache waliofika chuo kikuu. Wanafunzi walipoongezeka, ikaanza katika miaka ya 1990 desturi ya wazazi na wanafunzi kuchangia gharama. Kisha Bunge likatunga Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, na kwa sheria hiyo ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi mwezi wa Julai 2005. Miaka miwili baadaye, yaani 2007, kilianzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma, huko Chimwaga. Na mwaka huo huo wilaya yetu ya Chamwino ikazaliwa, ilipogawanywa iliyokuwa Wilaya ya Dodoma Vijijini. Basi chuo kimekuja karibu na mlango wetu. Mtoto wa Buigiri au wa Manchali aweza kwenda na kurudi siku moja. Lakini ukaribu wa njia si ukaribu wa ada.

Mkopo una mafungu yake. Liko fungu la chakula na malazi, la ada ya masomo, la vitabu na vifaa vya kuandikia, la mahitaji maalumu ya kitivo, la mafunzo kwa vitendo, na la utafiti. Fungu la chakula na malazi lilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, na tangu mwaka wa masomo 2022/2023 likawa shilingi 10,000. Mtu ambaye shamba lake la uwele na karanga hutegemea mvua ya msimu mmoja tu, ya Desemba hata Aprili, ataona mara moja maana ya hesabu hiyo. Hakuna gunia litakalouzwa kila wiki kumlisha kijana chuoni kwa miaka mitatu.

Tena mkopo si zawadi. Aliyekopa akipata kazi ya mshahara hukatwa sehemu 15 katika kila 100 za mshahara wake, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2016, hata deni liishe. Zamani aliongezewa pia tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha. Tozo hiyo ilitangazwa kufutwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2021. Fedha inayorudishwa huingia tena katika mfuko na kumsomesha mwingine. Kwa hiyo mfuko huu ni mfano wa ghala ya mbegu: wa leo achukua, wa kesho arudisha, na wa kesho kutwa apande.

Lakini kila ghala ina sakafu yake. Katika mwaka wa masomo 2024/2025 Serikali ilitenga shilingi kama bilioni 787 kwa mikopo ya wanafunzi. Fedha hizo ni nyingi, na hata hivyo waombaji huzidi kiasi kilichopo. Hapo ndipo inapotokea haja ya kupima. Wazee wa Ugogo hawahitaji kufundishwa jambo hili. Tangu njaa kuu ya Mtunya, ya miaka ile ya Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, watu wa nchi hii wajua kwamba chakula kikiwa kidogo, swali si "Nani anataka?" maana wote wataka. Swali ni "Nani hana kabisa?" Na mwenye kuficha ghala yake akaja na kikapu kitupu kuomba, hamwibii mgawaji. Amwibia yule aliye nyuma yake katika mstari.

Sasa tuifuate karatasi katika safari yake, tuone inavyohakikiwa.

Kijana aliyemaliza masomo ya sekondari huomba kwa njia ya mtandao, katika ukurasa wa Bodi. Jambo la kwanza aulizwalo ni namba yake ya mtihani wa Kidato cha Nne. Namba hiyo ni kama ufunguo: kwayo jina lake na matokeo yake hupatikana kwa Baraza la Mitihani, na namba iyo hiyo sharti iwe ndiyo aliyoombea nafasi ya chuo. Akitumia namba moja kwa chuo na nyingine kwa mkopo, kama wafanyavyo wengine waliorudia mtihani, Bodi itaona watu wawili pale palipo na mtu mmoja.

Baada ya hapo hutakiwa cheti cha kuzaliwa. Cheti hiki hakisadikiwi kwa kutazamwa tu. Hupelekwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, uitwao RITA, ili uthibitishe kwamba umo katika daftari zake uandikishaji wa mtoto huyo. Kijana aliyefiwa na mzazi sharti aonyeshe na cheti cha kifo, nacho chathibitishwa na RITA vivyo hivyo. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ni mlemavu, huleta fomu iliyothibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Aliyesomeshwa sekondari kwa msaada wa kanisa, msikiti au chama cha hisani huleta ushahidi wa waliomlipia. Na yule ambaye kaya yao imo katika mpango wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, huandika namba ya kaya hiyo.

Mwisho, fomu hupigwa chapa katika karatasi ikatiwe saini. Aitia saini mwombaji mwenyewe. Aitia saini mdhamini wake. Huthibitishwa na serikali ya kijiji au ya mtaa. Na huapiwa mbele ya hakimu au wakili. Kisha kurasa zenye saini hurudishwa Bodi kwa mtandao.

Sikilizeni vema jambo hili. Karani wa Bodi hamjui mtoto wako. Hajaiona nyumba yako, wala hajui kama bati lile la juu ulilinunua wewe au ulipewa na ndugu. Yeye huona namba, majina, vyeti na muhuri. Katika wote waliotia mkono katika karatasi ile, ni mmoja tu anayeweza kuwa alimwona mtoto akienda shule bila viatu, au alimwona baba yake akipita na gari lake. Huyo ni mtu wa kijiji. Vyeti vyasema mtoto huyu ni nani. Kijiji chasema anaishije.

Na sisi wa Chamwino tu mashahidi kwamba kijiji kinaweza kuifanya kazi hiyo. Mwezi wa Januari 2010 TASAF ilianza jaribio la kuzigawia fedha kaya maskini katika wilaya tatu za Tanzania Bara, nazo ni Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 viliingizwa katika jaribio hilo, na 40 kati yake vikaanza kupokea kwanza. Kamati zilizochaguliwa na wanakijiji ndizo zilizokusanya habari za kaya, na majina ya waliochaguliwa yakapelekwa mbele ya mkutano wa kijiji. Mtu alitajwa kuwa maskini mbele ya majirani zake. Si rahisi kudanganya mbele ya watu wanaojua idadi ya ng'ombe wako.

Basi kama kijiji kilikuwa na macho katika mambo ya TASAF, kwa nini kiwe kipofu katika mambo ya mkopo? Mara nyingi ni kwa sababu fomu ya mkopo haisomwi mkutanoni. Husomwa mezani na mtu mmoja, tena kwa haraka, jioni, siku chache kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Mama amesimama, kijana amesimama, na muhuri uko tayari. Hapo huingia makosa ya namna mbili, nami nataka kuyasema yote mawili.

Kosa la kwanza ni kushuhudia uongo kwa ajili ya urafiki. Mtu ana duka na lori, naye aandika kwamba ni mkulima wa jembe la mkono. Au, jambo la kutisha zaidi, baba yu hai, lakini mtoto aandikwa yatima. Huko ni kumwua baba kwa kalamu. Wengine hucheka na kusema, "Serikali ina fedha, nani ataumia?" Ataumia yatima wa kweli, ambaye jina lake limeshuka mstari mmoja chini ili la mwongo lipande. Huenda huyo yatima akaa kitongoji cha pili, na huyo aliyepiga muhuri alihudhuria maziko ya mzazi wake. Tena uongo huu si salama kwa mwenyewe. Miongozo ya Bodi yasema wazi kwamba mwenye kutoa habari za uongo hupoteza mkopo na aweza kushtakiwa. Cheti cha bandia kikifika RITA hakitaonekana katika daftari. Ndiyo maana wazee walisema: njia ya mwongo ni fupi.

Kosa la pili ni kuukataa ukweli, au kuuuza. Yuko kiongozi asiyetia saini mpaka apewe "chai", na yuko anayekataa kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba na baba wa mtoto. Mtu huyu hakuandika uongo wowote, lakini amefanya kama yule wa kwanza: amemwondoa mwenye haki katika mstari. Saini ya kijiji si mali ya mtu. Ni ya kijiji, naye amekabidhiwa tu.

Kwa hiyo, Mwenyekiti na Mtendaji wanapoletewa fomu, yafaa wajiulize maswali matatu. La kwanza: je, namjua kijana huyu na nyumba yake, au sharti nimwite Mwenyekiti wa kitongoji chake anijulishe? La pili: je, yaliyoandikwa humu yangeweza kusomwa kwa sauti mbele ya mkutano wa kijiji bila watu kunung'unika? La tatu: je, nimeandika katika daftari langu siku, jina na jambo nililoshuhudia? Mali bila daftari huisha bila habari, na ushahidi nao ni vivyo hivyo.

Sasa niseme na wazazi, maana si wote wanaokosa mkopo wamekosa kwa uongo. Wengi ni maskini kweli, lakini karatasi zao hazikusema hivyo.

Wengine hawana cheti cha kuzaliwa. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba Tanzania Bara, katika kila watu 100, wenye cheti hicho walikuwa kama 13 tu. Siku hizi mambo yamekuwa mepesi kwa wadogo: katika mpango ulioanza Mbeya mwaka 2013 na kuenea mikoani, mtoto wa chini ya miaka 5 huandikishwa katika zahanati au ofisi ya kata na kupewa cheti bila malipo. Lakini kijana wa sasa wa sekondari alizaliwa wakati jambo hili halijaenea, na uandikishaji wa kuchelewa hutaka viambatisho na muda. Usingoje matokeo ya Kidato cha Sita. Anza mtoto akiwa Kidato cha Pili au cha Tatu.

Wengine wana majina mawili. Nyumbani mtoto aliitwa jina la babu, kanisani akabatizwa Yohana, shuleni mwalimu akamwandika John, na cheti cha kuzaliwa kikatoka na jina la nne. Mama amjua mwanawe kwa majina yote hayo; karani hamjui. Kwake hao ni watu wanne. Jina lililo katika mtihani ndilo litakalomfuata mtoto maisha yake yote, basi mzazi na alitazame herufi kwa herufi kabla ya mtihani, wakati shule inapowasomea watahiniwa majina yao. Ikiwa tofauti imekwisha kutokea, dawa yake ni hati ya kisheria ya jina, itengenezwayo kwa msaada wa wakili, na hiyo nayo si kazi ya siku moja.

Wengine walifiwa, wakazika, wakalia, wasiandikishe kifo. Sheria yataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, lakini marehemu aliyefia nyumbani, mbali na hospitali, mara nyingi hubaki katika vinywa vya watu tu. Miaka 10 baadaye mtoto wake aambiwa, "Lete cheti." Kijiji kizima chajua kaburi lilipo, lakini kaburi halina muhuri. Basi enyi ndugu wa marehemu, pamoja na kugawana kazi za msiba, mchagueni mmoja wenu wa kushughulikia cheti katika ofisi ya wilaya. Kufanya hivyo si kupenda fedha za marehemu. Ni kumwachia mwanawe ushahidi.

Liko na jambo gumu zaidi, nami sitalipitia kando. Yuko mtoto ambaye baba yake hakufa, bali aliondoka. Alikwenda kutafuta kazi mji wa mbali, na tangu hapo hakuleta barua wala shilingi. Mama amelima peke yake, ameuza pombe ya mtama na kuni, amemsomesha mwanawe hata Kidato cha Sita. Katika karatasi mtoto huyu ana baba. Katika chungu hana. Hapo ndipo jirani mwema huja na kusema, "Andika tu kwamba amekufa." Lakini huyo baba aliyezikwa kwa kalamu aweza kurudi kesho, au jina lake likatokea katika daftari nyingine, na mtoto aliyekuwa na haki atahesabiwa kuwa mwongo. Njia yake ni kuandika kweli: kwamba mlezi ni mama, kwamba kazi yake ni hii na pato lake ni hili, na kaya ikiwa katika TASAF, namba yake iandikwe. Na kijiji kishuhudie kweli hiyo bila kusitasita, maana mtoto wa namna hii hana cheti cha kumtetea. Ana ninyi tu.

Sisemi kwamba kila aliyesema kweli hupata kila alichoomba. Wako wanaopata mafungu machache, na wako wanaokosa. Lakini mlango haufungwi mara moja. Fomu ikiwa na kasoro, mwombaji huarifiwa katika akaunti yake ya Bodi ili asahihishe, kwa hiyo na aifungue mara kwa mara, hata kama ni kwa kupanda kilima kutafuta mtandao wa simu. Na majina yakiisha kutangazwa, hufunguliwa muda wa kukata rufaa, ambapo ushahidi uliokosekana waweza kuletwa. Mwenye karatasi za kweli ana kitu cha kupeleka katika rufaa. Mwenye za uongo aogopa hata kuzifungua tena.

Wala uhakiki hauishi mlangoni mwa chuo. Mwanafunzi akiisha kuingia, chuo hutakiwa kuijulisha Bodi kwamba yupo na kwamba amefaulu kuendelea, na mwanafunzi hushuhudia mwenyewe kupokea fedha yake. Mwaka 2016 Serikali ilipopitia orodha za vyuo, yalionekana majina yaliyotumiwa fedha ilhali wenyewe hawakuwapo darasani. Watu wakawaita wanafunzi hewa. Fedha waliyolipwa ilitoka katika ghala ile ile.

Ninyi vijana mnaosikiliza, mtakuwa makarani kesho, na wengine mtaketi katika meza hizo hizo za kuhakiki. Kumbukeni kwamba kila fomu ina nyumba nyuma yake. Someni pole pole. Msimdhanie maskini kuwa mwongo kwa sababu jina lake limekosewa herufi moja, wala msimdhanie mwenye karatasi safi kuwa mkweli kwa sababu karatasi zake ni safi.

Nanyi wazazi, msiache jambo hili likae mpaka dirisha la maombi lifunguliwe. Juma hili tafuteni bahasha moja imara, mtie ndani yake cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, cheti cha kifo ikiwa msiba umepita nyumbani, namba ya TASAF na nakala ya kitambulisho cha mlezi. Kisha wekeni vyote juu mezani mlinganishe majina. Likionekana kosa, mnao wakati wa kulisahihisha. Bahasha hiyo haili wala hainywi, lakini siku yake itafika.